Sura ya 6: Nani Hulipia Bima ya Bei Nafuu?

Kila kimbunga kikubwa kinapoezua nyumba kwa maelfu, watu huuliza swali lile lile: kwa nini serikali isiwe na kampuni yake ya bima, ikamkatia kila mwenye nyumba bima kwa bei anayoimudu? Kampuni binafsi hutafuta faida, na hatari ikizidi hufungasha na kuondoka. Serikali haina pa kwenda. Basi iingie yenyewe, watu wapumue.

Swali hili ni la haki, na jibu lake halihitaji kubahatishwa. Jimbo la Florida, Marekani, limeendesha bima ya namna hiyo kwa miongo kadhaa. Limeipanua, limelipia hasara zake, limeipunguza, ikavimba tena, na sasa linaipunguza upya. Tutafuata safari hiyo kwa sababu ina funzo kwa nchi yoyote inayotaka kuwakinga watu wake na majanga: bei iliyowekwa chini ya hatari yenyewe haifuti gharama. Huihamisha, na mara nyingi humwangukia mtu ambaye hakuulizwa.

## Moto wa mmoja, upepo wa wote

Fikiria chama cha kufa na kuzikana chenye wanachama mia. Kila mmoja huchanga kidogo kidogo, na msiba ukimfika mmoja, mchango wa wote humsitiri. Chama husimama kwa sababu misiba haiji siku moja. Bima ya moto iko vivyo hivyo: nyumba moja huungua huku tisini na tisa zikiendelea kuchangia. Kimbunga ni usiku mmoja ambao wanachama themanini wanafiwa kwa pamoja. Hapo mfuko hautoshi, hata mweka hazina awe mwaminifu kiasi gani.

Florida ililijua hilo kwa uchungu tarehe 24 Agosti 1992. Kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Miami, kikasambaratisha miji ya Homestead na Florida City. Nyumba zaidi ya 25,000 ziliangamia, na nyingine kama 100,000 ziliharibika. Kampuni za bima zilidaiwa fidia ya takriban dola bilioni 15, na kampuni 11 zikafilisika. Zilizobaki zilitazama ramani upya na kuanza kuwaandikia wateja wa pwani barua za kutowaongezea muda.

Kampuni ya bima yenyewe nayo hujikatia bima. Hiyo huitwa bima mtawanyo: kampuni ndogo hulipa kampuni kubwa, nyingi zikiwa Bermuda na Ulaya, ili hasara ikizidi kiwango fulani ibebwe na wengi duniani. Baada ya Andrew gharama ya bima mtawanyo ilipanda sana. Kampuni ya Florida iliyotaka kulala usingizi ililazimika kulipa zaidi, kisha kumdai mteja wake zaidi.

## Kimbilio la mwisho

Mtu asiye na mkopo anaweza kuamua kuishi bila bima na kumwachia Mungu. Mwenye mkopo wa benki hana hiari hiyo. Benki haikubali nyumba iliyoikopesha ikae bila bima, kwa kuwa nyumba hiyo ndiyo dhamana ya mkopo. Kwa hiyo kampuni za bima zilipokimbia, soko zima la nyumba lilitishika. Nyumba isiyoweza kukatiwa bima ni vigumu kuiuza.

Serikali ya jimbo ikaingia. Tayari tangu 1970 palikuwa na mfuko wa bima ya upepo kwa baadhi ya maeneo ya pwani. Baada ya Andrew ukaundwa mfuko wa pili wa kuwapokea waliokataliwa na kampuni binafsi. Mwaka 2002 mifuko hiyo miwili iliunganishwa ikazaliwa Citizens Property Insurance Corporation, ambayo tutaiita Citizens. Hiyo ndiyo maana ya bima ya kimbilio la mwisho: mlango unaobaki wazi milango mingine yote ikifungwa.

Citizens haina wanahisa wala haigawi faida. Wajumbe wa bodi yake huteuliwa na gavana, mkuu wa fedha wa jimbo, na viongozi wa mabaraza mawili ya bunge la jimbo. Bei zake haziwezi kupanda bila idhini ya mamlaka ya bima, tena ndani ya mipaka iliyowekwa na bunge. Kwa hiyo kila mjadala kuhusu bei ya Citizens ni mjadala wa siasa. Wanaopiga kura huona ankara ya mwaka huu. Hasara ya kimbunga kijacho hawaioni.

## Pengo linapotokea

Mwaka 2004 Florida ilipigwa na vimbunga vinne ndani ya wiki chache: Charley, Frances, Ivan na Jeanne. Mwaka uliofuata vikaja vingine, kikiwemo Wilma cha Oktoba 2005. Citizens ikabaki na mapengo mawili mfululizo, la pili likiwa la zaidi ya dola bilioni 1.7.

Kampuni binafsi ikifika hapo hufilisika. Citizens haifilisiki kwa namna hiyo, kwa sababu sheria inaipa haki ya kuwatoza watu wengine. Mwaka 2006 bunge lilichota dola milioni 715 kutoka kodi za jimbo ili kupunguza pengo. Sehemu kubwa ya pengo lililobaki iligeuzwa tozo ya dharura, yaani nyongeza inayokatwa hata kwenye ada za bima za watu wasio wateja wa Citizens. Tozo hiyo ilianza mwaka 2007 kwa asilimia 1.4 na ikaendelea, kwa viwango vilivyopungua baadaye, hadi 2015. Familia ya mji wa ndani, mbali na bahari, iliyolipa ada ya dola 2,000 kwa mwaka ilikuwa ikitoa dola 28 za ziada kwa ajili ya nyumba za pwani ambazo huenda haijawahi kuziona. Dola 28 ni kidogo. Zidisha kwa mamilioni ya kaya, kwa miaka minane, utaona uzito wake.

Kwa utaratibu wa sasa, pengo likitokea ngazi ni hizi:

1. Akiba ya Citizens yenyewe hutumika kwanza, pamoja na fedha za bima mtawanyo na za mfuko wa jimbo wa majanga ulioundwa mwaka 1993.
2. Zisipotosha, wateja wa Citizens huongezewa hadi asilimia 15 juu ya ada zao.
3. Bado zisipotosha, tozo ya dharura hukatwa kwenye karibu kila bima ya mali jimboni, ikiwemo bima ya gari.

Tuitazame ngazi ya tatu kwa makini. Mpangaji wa Orlando, asiye na nyumba, mwenye gari chakavu la kumfikisha kazini, ni mdhamini wa jumba la ufukweni. Hakusaini popote, lakini sheria imeshasaini kwa niaba yake.

## Bei iliyogandishwa

Mwaka 2007, watu wakiwa wamechoshwa na ada zilizopanda baada ya vimbunga, Gavana Charlie Crist na bunge walizirudisha bei za Citizens nyuma na kuzigandisha. Hatua hiyo ilipokelewa kwa furaha. Pia walilegeza masharti ya kujiunga, hivyo mtu hakuhitaji tena kukataliwa kila mahali ndipo apokelewe.

Matokeo yalifuata hesabu. Kampuni binafsi iliyodai bei inayolingana na hatari haikuweza kushindana na kampuni ya umma iliyodai chini ya hapo. Wateja walihamia Citizens, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa na hati za bima karibu milioni 1.5. Kimbilio la mwisho likawa chaguo la kwanza.

Kilichoiokoa Florida katika kipindi hicho ni bahati. Tangu Wilma mwaka 2005 hadi Septemba 2016 hakuna kimbunga hata kimoja kilichotua jimboni. Akiba ilijengeka, na kampuni binafsi zilirudi zikishawishiwa kuchukua wateja kutoka Citizens. Kufikia 2019 hati zilishuka hadi zaidi kidogo ya 400,000. Lakini kampuni inayochagua wateja huchukua nyumba imara kwanza. Zilizobaki ni zile za zamani na zile zilizo karibu na maji, hivyo Citizens huwa ndogo huku kila nyumba iliyomo ikiwa na hatari kubwa zaidi.

Kisha hali ikageuka tena. Mwaka 2022 pekee kampuni sita za bima za Florida zilifilisika. Septemba 28 mwaka huo Kimbunga Ian kikatua karibu na Fort Myers. Kufikia vuli ya 2023 Citizens ilikuwa na hati takriban milioni 1.4.

### Kwa nini mwendo wa pole pole haufiki

Tangu 2010 sheria iliruhusu bei za Citizens zipande kwa asilimia 10 tu kwa mwaka. Lengo lilikuwa jema: mtu asishtukie ada imeongezeka maradufu. Lakini tupige hesabu ya mfano. Nyumba inalipa dola 3,000, na hatari yake halisi ni dola 6,000. Gharama halisi ikisimama pale pale, kupanda kwa asilimia 10 kila mwaka kutaziba pengo ndani ya miaka minane. Gharama hiyo nayo ikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, kwa sababu mbao, mafundi na bima mtawanyo vyote vinapanda, pengo litazibika baada ya miaka karibu 15. Ndani ya miaka 15 Florida haiwezi kutarajia kukosa kimbunga kikubwa.

Tukusanye tuliyoyaona hadi hapa:

- Kimbunga huwapiga wengi kwa wakati mmoja, ndiyo maana kampuni binafsi hukimbia.
- Kampuni ya umma inaweza kubaki, lakini hasara yake lazima mtu ailipe.
- Bei ikiwa chini ya hatari, kampuni ya umma huvimba na kampuni binafsi huondoka.
- Pengo likitokea, hulipwa hata na wasio na nyumba.

## Marekebisho ya 2022

Desemba 2022 bunge la Florida lilikutana katika kikao maalumu, na Gavana Ron DeSantis akasaini sheria iliyobadilisha mambo mengi kwa pamoja. Matatu kati yake yanatuhusu.

Kesi. Sheria ya tangu 1893 ilisema kampuni ya bima ikishindwa mahakamani na mteja wake, imlipie wakili wake. Mteja akishindwa, halipi wakili wa kampuni. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge. Lakini palikuwa na utaratibu mwingine: mwenye nyumba aliweza kumsainia fundi haki yake ya kudai fidia. Fundi alipita mlango kwa mlango baada ya dhoruba, akaahidi paa jipya bila gharama, akapewa saini, kisha yeye na wakili wakaishtaki kampuni. Kwa takwimu za jimbo, mwaka 2021 Florida ilikuwa na chini ya asilimia 10 ya madai yote ya bima za nyumba nchini Marekani, lakini zaidi ya asilimia 70 ya kesi zake. Sheria mpya ilifuta vyote viwili kwa bima za nyumba.

Kampuni zilishangilia, na mpya zikaingia sokoni. Lakini haki ina upande wa pili. Mjane aliyepewa fidia ndogo kuliko uharibifu wake sasa anatakiwa kujilipia wakili ili kupambana na kampuni yenye mawakili wa kudumu. Marekebisho yaliyoziba mlango wa wajanja yameubana pia mlango wa wenye haki. Hilo bado linadai dawa, na dawa mojawapo ni usuluhishi wa haraka, wa bure kwa mwenye nyumba, unaosimamiwa na mtu asiye mwajiriwa wa kampuni.

Mlango wa kutoka. Mteja wa Citizens akipata bima ya aina hiyo kutoka kampuni binafsi kwa bei isiyozidi ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, hawezi tena kuongezewa muda Citizens. Kanuni hii inairudisha kampuni kwenye kazi yake ya awali. Inaumiza, kwa sababu mteja anayelipa dola 4,000 anaweza kuhamishiwa kwenye ada ya dola 4,800. Ndiyo maana ni muhimu kwamba kampuni inayompokea iwe na mtaji wa kutosha. Kumtoa mtu kwenye kampuni ya umma na kumkabidhi kwa kampuni itakayofilisika baada ya dhoruba moja ni kumtelekeza.

Mafuriko. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi mafuriko, na bima ya mafuriko hukatwa peke yake, zaidi kupitia mpango wa serikali kuu ulioanzishwa mwaka 1968. Ian kilipoisukuma bahari hadi Fort Myers Beach, maji yalipanda zaidi ya mita tatu. Baadaye mabishano yakazuka: ukuta huu uliangushwa na upepo au na maji? Mwenye bima ya upepo peke yake aliambiwa ni maji. Sheria sasa inawataka wateja wengi wa Citizens wawe na bima ya mafuriko pia, kwa awamu zinazokamilika 2027.

Kabla ya hapo, sheria ya 2021 ilikuwa imeanza kuinua kikomo cha ongezeko la bei kwa nukta moja kila mwaka, kutoka asilimia 10 hadi 15 ifikapo 2026. Sheria ya 2022 iliwatenga wenye nyumba ambazo si makazi yao makuu: hao wanaweza kuongezewa hadi asilimia 50. Huo ni uamuzi wa haki. Nyumba ya likizo haistahili ruzuku ya mpangaji wa Orlando.

Kufikia mwisho wa 2024 Citizens ilikuwa imeshuka chini ya hati milioni moja. Ni mafanikio, ila tusisahau kwamba ilishawahi kushuka hivyo kabla ya kuvimba tena.

## Ndani ya dari

Mpaka hapa tumezungumzia nani alipe hasara. Swali lenye nafuu zaidi ni namna ya kuifanya hasara yenyewe iwe ndogo, na jibu lake liko juu ya vichwa vyetu, gizani, kati ya dari na paa.

Kimbunga hakibomoi nyumba kwa kuisukuma tu. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Dirisha likivunjika au mlango wa gereji ukibonyea, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini. Likivutwa na kusukumwa kwa pamoja, paa hung'oka pale palipo dhaifu. Baada ya Andrew, wataalamu waliokagua vifusi walikuta plaiwudi za paa zilizofungwa kwa pini za mashine, nyingi zikiwa zimeikosa mbao ya kenchi. Plaiwudi ilikuwa imekaa juu ya nyumba bila kushikwa na kitu.

Mkaguzi wa leo huingia darini na tochi, akiwa na fomu ya jimbo iitwayo OIR-B1-1802. Anatazama mambo machache na kuyapiga picha: misumari ina urefu gani na imeachana kwa umbali gani, kenchi imeshikwa ukutani kwa misumari iliyopigwa mshazari au kwa ukanda wa chuma unaoizunguka na kushuka upande wa pili, paa lina miteremko pande zote nne au lina kuta za pembetatu zinazokabili upepo, madirisha na milango ina kinga. Kila jibu lina punguzo lake kwenye ada ya bima. Ukanda wa chuma ni kitu cha bei ndogo ukifungwa nyumba ikijengwa. Kuufunga baadaye ni kazi ya kutambaa kwa magoti kwenye joto, lakini inawezekana.

Florida ilianza kutumia kanuni moja ya ujenzi kwa jimbo zima mwaka 2002. Oktoba 2018 Kimbunga Michael cha daraja la 5 kilipotua Mexico Beach, nyumba moja ya zege iliyoinuliwa juu ya nguzo, iliyojengwa kupita kiwango kilichotakiwa, ilibaki imesimama huku za jirani zikifagiliwa.

Jimbo lina mpango uitwao My Safe Florida Home. Unamlipia mwenye nyumba ukaguzi, kisha unampa dola mbili kwa kila dola moja anayotumia kuimarisha nyumba, hadi dola 10,000. Wenye kipato cha chini hawadaiwi mchango huo. Tatizo ni ukubwa wake: fedha huisha waombaji wakiwa bado kwenye foleni.

## Majirani wawili

Louisiana ina kampuni ya aina hii pia. Sheria yake ilitaka bei ya kampuni ya umma iwe juu ya soko kwa angalau asilimia 10, ili asibaki mtu mwenye njia nyingine. Baada ya vimbunga vya 2020 na 2021 kampuni binafsi nyingi zilianguka, watu wakalazimika kuingia kwenye kampuni ya umma, na mwaka 2023 bei yake ikapanda kwa wastani wa asilimia 63 kwa mkupuo. Bei ilisema kweli, lakini iliwaambia watu wasio na pa kwenda. Ruzuku ya kuimarisha mapaa ilikuja baadaye.

Alabama ilianza upande wa pili. Tangu 2016 inatoa ruzuku ya hadi dola 10,000 kwa paa imara, na sheria inazilazimisha kampuni za bima kumpunguzia ada aliyeimarisha nyumba yake. Mafundi walijifunza kazi hiyo, na paa imara likawa jambo la kawaida kwenye kaunti zake mbili za pwani. Mpangilio una maana kubwa: Alabama ilimpa mtu njia ya kupunguza hatari kabla ya kumdai gharama yake yote.

## Muhtasari: marekebisho yenye haki

Kwa nchi au jimbo lolote lenye bima ya kimbilio la mwisho, mambo matano huenda pamoja:

1. Paa kwanza. Kila dola inayookoa kenchi hupunguza ada, fidia na tozo kwa wakati mmoja.
2. Bei ifuate hatari, kwa kasi inayoweza kulifikia pengo, na nyumba za likizo zitangulie.
3. Msaada utolewe waziwazi kwa mtu, kwa kutazama kipato chake. Mstaafu anayeishi kwa pensheni asaidiwe kwa fungu la bajeti linaloonekana, na mwenye jumba asijifiche nyuma yake.
4. Mlango wa kuingia uwe mwembamba, na wa kutokea uwe salama, kwa kukagua mtaji wa kampuni zinazopokea wateja.
5. Mwenye dai halali apate haki yake haraka bila kuhitaji wakili wa gharama.

Juu ya hayo naongeza pendekezo moja ambalo bunge lolote linaweza kulipitisha kwa siku moja. Kila ankara ya bima ya umma iandikwe mistari mitatu: gharama halisi ya hatari ya nyumba hii, kiasi unachotozwa, na watu watakaolipa tofauti, pengo likitokea. Mteja akisoma mistari hiyo atajua anasaidiwa na nani. Nakala ya mstari wa tatu ipelekwe kwa wale wanaotajwa humo, pamoja na ankara za bima za magari yao. Watu wakijua wamewekwa kuwa wadhamini, watauliza mapaa yanaimarishwa lini, na kila bajeti wabunge wao watalazimika kuwajibu.